Saa Mbili Hadi Saa Sita

Mjukuu wangu Glaiza aliibandika ratiba yake mlangoni kwa punje za wali, maana chupa ya mwisho ya gundi nilikuwa nimeshamuuzia mwalimu. Karatasi moja, wino mwekundu. Jumatatu hadi Ijumaa, saa mbili asubuhi hadi saa sita mchana: kazi. Chini yake akaandika kwa herufi kubwa kuliko zote, MLANGO USIGUSWE. Herufi hizo kubwa zilinihusu mimi. Nimesoma mpaka darasa la sita, lakini hilo nililielewa.

Glaiza hakuajiriwa na mtu. Alijitafutia kazi mwenyewe kwa kompyuta, chumbani nyuma ya kiduka changu hapa Sibalom, Ufilipino. Alikuwa akimpangia wagonjwa mama mmoja daktari wa meno huko Perth, Australia, ambako saa zao ni sawa na zetu. Miezi minne alifanya kazi wakati wowote uliomjia: anakula huku anaandika, anaosha nywele huku anasoma. Mwishowe daktari akamwambia achague saa anazotaka, hata za ajabu, ila ziwe zilezile kila siku, ili yeye ajue akimwita lini ataitikiwa. Akampa mwezi mmoja wa kujaribu.

Na mimi Glaiza akaniambia yangu, bila kuzunguka.

"Bibi, nikishindwa kuzishika saa nne hizi hapa nyumbani, nahamia mjini Iloilo. Kuna mahali wanakodisha meza na ukimya."

"Siku hizi ukimya nao unakodishwa?"

"Kwa mwezi, Bibi."

Nikacheka, halafu nikaacha kucheka. Mama yake alikwenda Hong Kong kulea watoto wa watu Glaiza akiwa na miaka mitano, na tangu hapo nyumba hii ina watu wawili na paka. Sikuwa tayari kubaki na paka.

Siku ya kwanza aliyeugusa mlango ni mimi. Pasita, jirani yangu, alitaka vocha, na mimi tarakimu za simu zinanichezea machoni, kwa hiyo vocha zote hurusha Glaiza. Nikagonga kidogo, kwa ukucha tu. Akatoka, akarusha, akarudi. Dakika kumi baadaye akaja mwingine. Pasita naye alikuwa ameshamwona, akaniuliza anafanya nini humo ndani. Nikamjibu amekaa. Ndivyo alivyokuwa, jamani. Ukimtazama, amekaa.

Basi ikawa hivyo. Hapa kwetu mtu akiwa nyumbani ana nafasi, na Glaiza hajui kumwambia mkubwa hapana. Pasita akaleta fomu zake za malipo ya uzeeni zijazwe. Wa kamati ya sikukuu ya mtakatifu wakaleta orodha ya wapiga tarumbeta ichapwe. Kila mara Glaiza anatoka na vile visikilizio vimemning'inia shingoni, anatabasamu, anaitika. Wiki ya pili ilipokwisha alikuwa amezishika saa nne zake kamili siku moja tu, na siku hiyo ilikuwa ya tufani.

Nikajaribu kuwaambia ukweli, kwamba mtoto ana kazi. Pasita akanitazama.

"Kazi gani hiyo, mtu kavaa kaptula ya kulalia?"

Niliona ukweli hauuziki, nikaleta uongo. Jumatatu ya wiki ya tatu nikasema Glaiza anaumwa kichwa, asubuhi apumzike. Nilijiona mjanja. Siku ile hakugonga mtu, na Glaiza alitoka saa sita anang'aa, akala sahani mbili za wali na majani ya mlonge, akasema, unaona Bibi, inawezekana. Sikumwambia inawezekana kwa njia gani.

Jumanne saa tatu na nusu Pasita akaja na bakuli la uji wa mchele wenye tangawizi. Hakutaka kuniachia, alitaka amwone mgonjwa akinywa. Nikamwambia amelala.

"Mbona anaongea?"

"Anaweweseka."

"Kwa Kiingereza?"

"Homa imempanda," nikasema, na nilipokwisha kusema nikajua nimejichimbia shimo.

Pasita akaweka bakuli juu ya mizani, akaenda mbio kumleta mzee Tiburcio. Huyo ndiye mkandaji wetu, amenyoosha migongo ya mji mzima, wangu mara mbili. Hatozi kitu, na kwa sababu hatozi, akishaitwa hafukuzwi. Akaja na mafuta yake ya nazi na kopo la makaa yenye uvumba, nyuma yake wanawake watatu wenye rozari. Wote wakasimama dukani kwangu, kati ya sabuni na dagaa wa kopo, wananitazama mimi mwenye nyumba.

Ilibaki niseme maneno matatu tu: mtoto haumwi, nimedanganya. Mdomo huu umewahi kumjibu padri, ukamjibu diwani, ukamjibu marehemu mume wangu miaka thelathini na moja. Asubuhi ile ukakauka. Nilimwona Pasita, nikaona jinsi ambavyo angelisimulia mpaka sokoni, nikanyamaza. Tiburcio akausukuma mlango, ratiba na yote.

Daktari alikuwa kwenye kioo cha kompyuta, uso kwa uso na Glaiza. Akamwona mzee mwenye kofia ya majani akimzungushia msaidizi wake moshi kichwani mara saba, kisha akimkanda kipaji cha uso. Glaiza alinitazama kupitia ule moshi.

Baadaye alinieleza kwamba daktari hakukasirika. Alimwambia apumzike mpaka apone, saa zake atampa mtu mwingine kwa sasa. Angetukana, ningepata mtu wa kumchukia.

"Bibi, ulimwambia nani kwamba naumwa?"

"Pasita peke yake."

"Basi umewaambia wote." Alikuwa anakunja nguo.

Nikamwambia nitafunga duka asubuhi. Nitakaa mlangoni na ufagio.

"Na mtu akitaka vocha?" akauliza, kwa upole, kama unavyomuuliza mtoto.

Jumamosi alipanda basi la Iloilo. Pasita alimfungia wali wa kunata kwenye majani ya mgomba, akamsihi akitunze kichwa.

Saa zake alirudishiwa, na sasa anazishika. Alinitumia picha ya ratiba mpya. Mimi nimo: saa sita na robo hadi saa sita na nusu, Bibi. Ikikaribia saa sita na robo Pasita huwanyamazisha wateja wangu, ananyamazisha hata kuku.

Jana saa tatu asubuhi nilikuta paka amezaa chini ya meza ya Glaiza, watoto wanne, mmoja hana mkia. Nikachukua simu, nikaangalia saa, nikairudisha mfukoni. Saa sita na robo alipopiga tukazungumzia dawa zangu za presha, tukazungumzia bati linalovuja. Nilikuwa ndio naanza, nikasema, "Sasa unajua huyu paka wetu," akasema, "Bibi, muda."

Nikamwambia, "Haya."

Ile ratiba ya kwanza bado ipo mlangoni. Sisimizi wamegundua wali, wanaila kuanzia pembeni.