Nusu Kidonge cha Muzee Harelimana

Ng'ombe mkubwa hupewa dawa nyingi. Hiyo ndiyo hesabu ya baba mkwe wangu, Muzee Harelimana, mfugaji wa Masisi tangu utoto, na kwa hesabu hiyo nusura aniue kwa hofu.

Vita vilipofika kwao, wanangu walikuwa likizo kwake. Aliacha ng'ombe wake wote akawaleta watoto kwa miguu hadi kwangu mjini, Katindo. Njiani wao walilala, yeye akakesha. Tangu siku hiyo usingizi ukamkimbia. Mimi binti wa wafanyabiashara wa Butembo, hodari wa kupayuka kuliko kushukuru, kila jioni nilimkaripia tu: "Papa, ingia ulale!"

Mwanawe mwingine, Gradi, akatutumia kutoka Ubelgiji chupa ya melatonini, vidonge vya kuleta usingizi. Nikampa mzee kidonge kimoja, nikaiacha chupa mezani, nikajiona nimemaliza kazi.

Asubuhi hakuamka. Nilimtikisa, akafumbua jicho moja, akasimama, akayumba hadi ukutani. Kichwa kilimuuma, alitaka kutapika, na ulimi ulikuwa mzito kama wa mtu aliyelewa.

"Papa, ulikunywa kinini ngapi?"

"Ine. Moja ni ya ndama. Miye niko ngombe-dume."

Vidonge vinne! Sikucheka. Niliona nimemuua mtu aliyenirudishia watoto wangu. Nikampakia kwenye pikipiki, nikambana katikati yangu na dereva, tukakimbilia kituo cha afya.

Muuguzi Clarisse akampima presha, akamwita daktari, wakamweka kitandani mpaka kizunguzungu kikaisha. Ndipo Clarisse akatugeukia.

"Muzee, hii dawa inaambiaka tu mwili kama usiku imefika. Ukiongeza, usingizi haiongezeke, ni kizunguzungu ndiyo inaongezeka. Mutu muzee anaanzaka na nusu kinini, saa moja mbele ya kulala, kwa siku kidogo tu. Na weye unakunywaka dawa ya presha! Mulipashwa kuuliza kwanza." Kisha akanikazia macho: "Na chupa, mama, ifiche batoto basiione."

Tuliporudi nyumbani, kitu cha kwanza niliipandisha chupa juu ya kabati.

Siku chache baadaye daktari akaruhusu ile nusu. Jioni nikaikata kwa kisu, nikamletea mzee na maji. Akaitazama kiganjani, hakuidharau kama nilivyotegemea. Aliuliza polepole:

"Nikilala, nani atasikia masasi?"

Kumbe muda wote huo mzee alikuwa bado yuko njiani na wanangu, akitega sikio asikie risasi. Nikapiga magoti mbele yake.

"Nitasikia miye, Papa. Ulibafikisha batoto. Aksanti." Nilikuwa sijawahi kumwambia neno hilo.

"Balifika bote?"

"Bote, Papa."

Akameza. Kulipokucha alikuwa anakoroma, na mimi nikawanyamazisha wanangu huku machozi yananitoka.