Sweta la Mashine

Ilikuwa Jumamosi, saa nane mchana, mjukuu wangu Justa alipomwita Erasmo mwizi mbele ya watu. Nilikuwa nimekaa kwenye kigoda changu karibu na mlango, nina kikombe cha bati mkononi, nacho kikaniponyoka. Maji yakaenda mpaka chini ya benchi. Hakuna aliyeinama kukiokota ila Erasmo mwenyewe, aliyekuwa ametoka kuitwa mwizi. Alikifuta kwa shati lake akanirudishia.

"Pole, Mama," akasema.

Watu wote pale ndani waliniita Bibi. Yeye peke yake aliniita Mama, kwa sababu alikuwa mtu mzima wa miaka arobaini na kitu, na mvi zilishamwanza masikioni.

Chumba chenyewe kilikuwa Same mjini, mtaa wa nyuma ya stendi. Ulikuwa mwaka wa tisini na nane, miezi michache baada ya zile mvua kubwa kukatika, na jua lilikuwa limerudi na vumbi lake lote. Justa alikuwa karani katika shamba la mkonge. Shamba lilipouzwa, wenye mali wapya wakawapunguza, karani na mkata mkonge kwa siku moja. Kwa kiinua mgongo chake akanunua televisheni na mashine ya gemu, akaweka mabenchi matatu, na vijana wakaanza kuja kucheza mpira kwenye kioo. Mimi niliposikia nikadhani wanamdanganya. Nilishuka kutoka kwetu milimani Mhezi kwenda kuona, goti likaniuma, nikabaki.

Erasmo alitoka shamba hilohilo. Baba yake alikuja zamani kutoka Kigoma kukata mkonge, naye akazaliwa kambini. Kwa miaka kumi na tisa alitia grisi mitambo ya kusindika mkonge. Walipofukuzwa wote, Justa akamchukua awe msimamizi wa chumba, na usiku alilala kwenye stoo ya uani. Majirani walimwonya. Walisema watu wa kambini huwajui kwao. Justa akawajibu kwamba yeye anamjua. Nilimpenda kwa jibu lile.

Sasa niwaambie habari za kifuniko, maana ndizo zilizotuleta kwenye ile Jumamosi.

Sisi tuliopita kwenye miaka ya foleni, miaka ya kutafuta sabuni wilaya nzima, tulijifunza kwamba kitu kikiingia ndani kinafunikwa. Nyumbani kwangu Mhezi redio ilipata nguo kabla ya watoto. Niliifumia kitambaa, nikaifunika miaka ishirini na miwili, na mume wangu alikufa ikiwa bado inasema. Kwa hiyo nilipoiona mashine ya Justa iko wazi mezani, na vumbi jekundu linaingia dirishani kama moshi, nilisikitika sana. Nikakumbuka sweta la buluu la mwanangu Tumainieli, baba yake Justa, ambaye hatunaye. Lilikuwa limekaa sandukuni muda mrefu. Nikalifumua.

Erasmo ndiye aliyenishikia uzi. Alikaa mbele yangu amenyoosha mikono miwili kama mtu anayepimwa shati, mimi nazungusha uzi, namsimulia habari za Tumainieli. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha nikafuma kifuniko kinene chenye pindo pande zote, nikaacha nafasi mbele tu, pa kuchomeka nyaya za kuchezea.

Siku nilipoivalisha mashine, Erasmo alitazama kidogo.

"Ni kizuri, Mama," akasema. "Lakini chombo hiki kinapumua juu na pembeni."

"Kitapumua," nikamwambia. "Sufu ina matundu."

Akarudi kwenye kazi yake.

Kuanzia hapo nilikuja kila siku saa nne na chai yake, nikakaa mpaka jioni, kwa kuwa chumba kilikuwa na feni na nyumba ilikuwa tanuri. Kila nikifika nilikuta kifuniko kimekunjwa vizuri juu ya televisheni. Nikadhani amekisahau tangu asubuhi, nikakirudisha. Tena nilikuta vizibo vinne vya soda chini ya mashine, kimoja kila pembe. Nikavitoa nikavitupa, maana sikupenda chombo cha mjukuu wangu kikae juu ya takataka. Kesho yake navikuta vingine vinne. Nikasema moyoni, vijana hawa wanakunywa soda na hawana adabu.

Na Erasmo alikuwa mtu wa kiu. Sijawahi kuona mtu wa kiu namna ile. Kila baada ya muda alikuwa akisema, "Mama, naomba maji," na mtungi ulikuwa upande wa pili wa uani. Kwa goti langu, kwenda na kurudi ni safari. Lakini sikuona ubaya, Same ni joto, na mtu anayekushikia uzi unamletea maji. Nilimhurumia tu. Nilimwambia Justa huyu apimwe sukari.

Halafu mashine ikaanza kuganda.

Ilikuwa ikifika alasiri, mchezo umepamba moto, picha inasimama. Mchezaji ameinua mguu hashushi. Vijana wanapiga kelele, wanataka warudie bure, wengine wanaondoka kwenda zao. Erasmo anaizima, anaipindua chali, anaingoja, anaiwasha ikiwa miguu juu, nayo inakubali kidogo.

Kijana mmoja, Elibariki, aliigusa siku moja akatoa mkono haraka.

"Ina homa hii," akasema. "Bibi kaivalisha sweta, aiitie na daktari."

Wakacheka wote, na mimi nikacheka.

"Cheza mpira wako," Erasmo akamwambia, bila kucheka.

Justa hakuwa na la kuchekea. Chumba kile ndicho kilichokuwa chakula chetu sote, na mashine ilikuwa moja. Akaanza kukonda. Ndipo Dorkas, anayekaanga maandazi ng'ambo ya barabara, alipomwita pembeni ile Jumamosi. Akamwambia kwamba kila alfajiri anapowasha jiko lake anamwona Erasmo kupitia dirishani. Ameketi mkekani ana bisibisi, mashine imefunguliwa vipande vipande mbele yake.

Justa alivuka barabara akaingia. Sauti yake ilikuwa ya chini, na ndiyo iliyonitisha.

"Erasmo, unafungua mashine yangu?"

"Ndiyo, dada."

"Tangu lini?"

"Wiki ya sita hii."

"Na hukuniambia. Unatoa vizima unaweka vibovu. Nani anavinunua? Nilikutetea kwa watu, kumbe wewe ni mwizi."

Hapo ndipo kikombe kiliponiponyoka.

Nilimtazama Erasmo nikingoja akane. Hakukana vizuri. Alisema tu, "Sijaiba, dada," na macho yake yakapita kwangu mara moja yakaenda ukutani. Mimi nikaona aibu kwa ajili yake. Mungu anisamehe, kwa muda wa kupumua mara mbili hivi nilifikiri ni kweli.

Akaitwa balozi wetu wa nyumba kumi, Mzee Bartholomeo, naye akaja na fundi redio anayeitwa Asheri, ili mambo yatazamwe kabla ya kufikishwa polisi. Vijana hawakutoka. Walipanda juu ya mabenchi wapate kuona. Fundi Asheri akakitoa kifuniko changu, akakiweka pembeni bila kukitazama, akaipindua mashine na kuanza kulegeza skrubu. Erasmo alisimama amekunja mikono. Nyuma yake, kupitia mlango wa uani, niliona begi lake mlangoni pa stoo. Alikuwa ameshalifunga.

"Haya, fundi," Justa akasema. "Nionyeshe kilichotolewa."

Asheri aliinamia muda mrefu. Akasogeza taa. Akapita na kidole juu ya ubao wa ndani kama mtu anayesoma.

"Hakuna kilichotolewa," akasema.

"Tazama tena."

"Nimetazama. Lehemu yote ni ya kiwandani. Tena mashine hii ni safi kuliko redio yoyote niliyofungua Same mwaka huu. Vumbi la hapa unalijua. Mtu ameipiga brashi kavu, na hili jicho linalosoma sahani ya gemu limefutwa kwa pamba na spiriti." Akainua macho. "Nani kafanya?"

"Mimi," Erasmo akasema. "Kila asubuhi kabla ya kufungua chumba."

Justa akashika ukingo wa meza.

"Kama ni safi, mbona inaganda?"

"Kwa sababu inaungua," Asheri akasema. "Ona plastiki hii inayoshika jicho, imeanza kulegea kwa joto. Ndiyo maana ukiipindua inasoma. Hewa haitoki." Alichukua kibano chake kidogo, akakiingiza kwenye matundu ya pembeni, yale yaliyo kama mbavu, akavuta taratibu. Kikatoka kitu kama kipande cha blanketi, kimeshikana na vumbi jekundu. Alikiweka mezani kwenye mwanga. "Hiki hakifikiwi na brashi. Ni nyuzi. Mtu anaifunika mashine hii ikiwa inafanya kazi?"

Zilikuwa nyuzi za buluu.

"Ni vumbi tu, fundi," Erasmo akasema haraka. "La dirishani."

Sijui kama mnaelewa nilivyokuwa wakati ule. Maisha yangu yote nimevundika ndizi. Mkungu mbichi unaufunika kwa majani makavu na gunia, unauacha, na baada ya siku tatu ukitia mkono unakuta joto kama la mtoto mwenye homa. Nimewafundisha binti zangu na wakwe zangu, na hakuna mtu Mhezi anayelijua joto la kitu kilichofunikwa kuliko mimi. Na kwa mikono hiyohiyo nilikuwa naivundika mashine ya mjukuu wangu kila siku, saa nne mpaka jioni.

Halafu likaja la pili, nalo lilikuwa baya kuliko la kwanza. Nikaviona vile vizibo vinne, vya kuinua mashine hewa ipite chini. Nikayaona maji. Vikombe vyote vile, safari zote zile za kwenda uani na goti langu. Alikuwa ananitoa chumbani ili aivue mashine apate kuipoza kidogo. Na mimi nikirudi nikiikuta wazi, nilikuwa naivalisha tena huku namuuliza kama kiu imekwisha.

Nikasimama. Ilinichukua muda, na wote wakanitazama.

"Ni mimi," nikasema.

"Bibi, kaa," Justa akasema. "Haya hayakuhusu."

"Yananihusu. Kifuniko ni changu. Vizibo nilikuwa navitupa mimi. Erasmo alikuwa anaiokoa mashine yako kutoka mikononi mwangu, na wewe unamwita mwizi."

Hata Elibariki alishuka kwenye benchi. Justa alimtazama Erasmo, akanitazama mimi, akazitazama zile nyuzi.

"Kwa nini hukusema?" akamuuliza. "Neno moja tu, Erasmo. Ulikuwa tayari kupelekwa polisi?"

Erasmo alijikuna kidevu.

"Nilishika uzi ule kwa mikono yangu, dada," akasema. "Najua ni sweta la nani. Nikasema nitaisafisha kila siku, nitaipumzisha kila nafasi, tutafika. Kule shambani mitambo ilikuwa inachemka kuliko hii na tulifika." Akatazama kigoda changu. "Na leo ulipouliza, yeye alikuwa amekaa hapo."

Justa alikaa kwenye benchi. Hakuwa amelijua sweta. Mimi nilimwambia tu ni uzi wa zamani. Alikivuta kile kifuniko akakipakata, akatia vidole kwenye pindo, wala hakulia, alibaki mdomo wazi tu kama aliyemwagiwa maji ya baridi.

Mzee Bartholomeo akakohoa.

"Mjukuu," akasema, "neno lile ulilisema kwa sauti mbele ya watu hawa. Watu bado wapo."

Ndipo Justa aliposimama. Alisema mbele ya vijana wote, na mbele ya Dorkas ambaye alikuwa amefika mlangoni na mwiko wake wa maandazi, kwamba Erasmo si mwizi, kwamba yeye Justa amekosa, na kwamba kama Erasmo akitaka kuondoka ana haki. Kwa mtu mwenye kiburi kama cha babu yake, maneno yale hayakuwa mepesi. Dorkas alitazama chini. Jioni alileta maandazi kwenye sahani iliyofunikwa, hakukaa.

Erasmo alirudi mezani. Alimsaidia fundi Asheri kufunga skrubu, akatafuta vizibo mfukoni mwake, akavipanga, akaiweka mashine juu yake. Ikawashwa. Vijana wakarudi kwenye mchezo, lakini kwa sauti ndogo, kama watu walio kwenye nyumba ya mgonjwa. Begi bado lilikuwa mlangoni pa stoo, na mimi sikuondoa macho yangu hapo. Nilitaka kumwomba abaki nikakosa ujasiri. Ningemwomba nini tena mtu niliyemtwisha yote yale?

Ikapita saa nzima. Picha haikuganda. Kifuniko kilikuwa mapajani mwa Justa.

"Mama," Erasmo akasema, "naomba maji."

Niliitazama mashine. Ilikuwa wazi juu na pembeni, haina kitu, hewa inapita. Hakuwa na sababu ya kunitoa.

Nikaenda uani, nikajaza kikombe cha bati mpaka ukingoni, nikarudi nacho polepole nisimwage maji. Alikipokea kwa mikono miwili, akanywa chote, akapumua.

"Nilikuwa na kiu," akasema.

Kisha akainuka, akalichukua lile begi, akalirudisha ndani ya stoo.