Friji la Shangazi Lilivyonyamaza

Jamani, kaeni vizuri, maana hii mtasema imetiwa chumvi. Haijatiwa hata punje. Friji la kawaida kabisa, la kuwekea maziwa, lilitaka kumkosesha mtu kamera mbele ya kadamnasi, na wala halikuwepo ukumbini!

Mtu mwenyewe mtaani wanamwita Cheche, kwa sababu hatulii. Simu haimtoki mkononi, anapiga mswaki nayo, anafua nayo. Kwa simu hiyo hiyo akatengeneza filamu yake ya kwanza, dakika tisa, mwigizaji mmoja tu: shangazi yake. Shangazi yuko jikoni, anasoma barua ya mwanawe, anakoroga chai ambayo hainywi. Maneno hakuna. Unasikia kijiko tu, kling, kling.

Jumamosi mchana akaipeleka kwenye chama cha watengeneza filamu. Ni watu kumi na wawili, wanakutana chumba cha nyuma cha studio ya picha za pasipoti: viti vya plastiki, shuka jeupe ukutani, feni inayozunguka ikijisikia. Chama kina kamera moja ya maana, na kila mwezi anayepata kura nyingi anakaa nayo mpaka mwezi ujao. Cheche aliitaka kamera hiyo kufa na kupona. Mwisho wa filamu yake ulikuwa giza tupu, simu ilishindwa, uso wa Shangazi hauonekani pale pale unapotakiwa kuonekana. Alitaka aurudie.

Ila chama kina sharti. Baada ya maoni unaulizwa siri moja ya kazi yako, na unajibu kweli. Ukidanganya ukajulikana, hupati kura hata ya huruma.

Shangazi naye akaja, gauni jipya, mstari wa mbele. Kumbe anayeunganisha spika ni Fundi, yule fundi friji wa mtaani kwao! Shangazi akabeba kiti chake mpaka upande wa pili.

"Mimi na matapeli hatukai mstari mmoja."

"Na mimi nimefurahi kukuona, mama," Fundi akajibu, macho kwenye nyaya.

Ugomvi wao unajulikana. Fundi alimtengenezea Shangazi friji, na wiki haijaisha Shangazi akaenda harusini siku tatu. Kurudi, friji linanguruma vizuri tu, lakini ndani nyama imeoza, maziwa yamekatika, samaki ndiyo usiseme. Akamtangaza Fundi kila kona. Maskini Fundi alirudi mara tatu, akalifungua bure, kosa hakuliona.

Taa zikazimwa, filamu ikaonyeshwa. Kling, kling. Ilipoisha, makofi! Shangazi akainama kama malkia.

Wa kwanza kusema ni mhariri wa video za harusi. Wenzake wanamwita Kata, maana maoni yake miaka yote ni hayo hayo.

"Mwanzo, kata. Pale mlangoni, kata. Paka, kata."

"Na mimi je?" Shangazi akauliza.

"Wewe mama? Wewe sikugusi."

Chumba kikacheka. Mwenyekiti, mama mpiga picha mwenye miwani kwenye kamba, akasema dirisha limempa Shangazi mwanga mzuri sana, lakini mwisho ni giza. Cheche akaandika yote kwenye simu, kichwa kinaelea kwa furaha. Kamera aliiona kabisa begani kwake.

Ndipo dada mmoja wa kiti cha nyuma, anayerekodi sauti, akanyoosha mkono.

"Siri yangu naomba hii. Friji ninaliona pale nyuma ya mama, na ni la zamani. Mbona halingurumi? Mngurumo wake umeufuta kwa programu gani?"

Cheche akaacha kuandika. Kwa sababu programu haikuwepo. Alilizima! Friji lile likinguruma utadhani lori linapanda mlima, kwa hiyo siku ya kurekodi alibonyeza swichi ukutani, akapata sauti safi, na kwa furaha akakimbia kwao kuitazama filamu. Shangazi kaenda zake harusini, na hakulifungua tena. Cheche alikumbuka siku ya pili jioni, akaingia kwa ufunguo alioachiwa wa kulishia paka, akaliwasha, akajipa moyo kwamba hakuna kilichoharibika. Ndani hakuangalia.

Na jibu la uongo lilikuwa tayari mdomoni, tena kaletewa na muulizaji mwenyewe: programu. Neno moja tu, kamera yake! Shangazi anamtabasamia. Fundi naye kageuka, bisibisi mkononi, maana habari za friji ni habari zake.

"Nililizima," Cheche akasema. "Nikasahau kuliwasha. Shangazi, ni mimi. Fundi hana kosa."

Fundi akashusha bisibisi.

"Ufunguo!" mwenyekiti akapiga kelele. "Ukizima friji la watu unaweka ufunguo wa kwenu ndani yake! Huwezi kuondoka bila kulifungua!"

"Mimi nililizima la mama mkwe," mwingine akasema. "Wiki nzima." Basi chumba kizima kikalipuka. Kumbe kila mmoja ana friji lake rohoni!

Shangazi hakucheka. Alisimama, akabeba kiti chake, akavuka chumba chote, akakiweka kando ya Fundi, akakaa.

"Mara tatu nililifungua, mama," Fundi akasema taratibu. "Mpaka nikafungua na la mke wangu, nilinganishe."

"Nimekukosea, Fundi. Na nilikokutangaza kote nitapita tena, mlango kwa mlango."

"Na kwa muuza nyama?"

"Hasa kwa muuza nyama."

Cheche machozi na kicheko vimegongana, na mkono, kwa mazoea, umeshainua simu unarekodi. Shangazi akamwona.

"Wewe! Zima hiyo!"

"Usikate!" Kata akaruka juu ya kiti. "Usikate hapo!" Watu wakashikana mbavu, maana neno hilo halijawahi kumtoka.

Kura zikapigwa: mikono kumi na mmoja, na wa Shangazi wa kumi na mbili, ingawa si mwanachama. Cheche akaikumbatia kamera. Halafu akakumbuka: mwisho ule lazima urudiwe jikoni kule kule.

"Njoo tu," Shangazi akasema. "Friji atalizima Fundi. Na hiyo simu yako itakaa ndani, kwenye nyama, mpaka liwashwe."

"Saa nzima, shangazi?"

"Mbili. Nina uso wa kurudia mara nyingi."

Sasa wewe unayesoma, useme kweli. Jibu la programu liko mdomoni, kamera iko mezani, shangazi anakutabasamia. Ungesemaje?