Ukuta wa Kioo

Saa tano na dakika kumi asubuhi, kipimajoto katika darasa jipya kilisoma nyuzi thelathini na tano na nusu. Nje, kivulini barazani, kilisoma thelathini na mbili.

Msanifu wa jengo aliandika namba zote mbili. Saa nane bodi ya shule ingekuja kuamua: madarasa sita yaliyobaki yafuate mchoro wake, au yafungwe vioo na kuwekwa viyoyozi, katika shule ambayo umeme hukatika kila wiki.

"Mjumbe mmoja keshasema darasa lako ni tanuri," mwalimu mkuu alimwambia.

"Hajakosea," alijibu. "Nataka kujua kwa nini."

Aliwasha dawa ya mbu na kuiweka dirishani. Moshi uliingia ndani kidogo, ukasimama juu ya vichwa vya wanafunzi arobaini na watatu. Haukuwa na pa kutokea. Akatazama juu, ukuta wa nyuma. Ulikuwa laini kama sahani.

Alimwita fundi plasta, mdogo wa baba yake. Mafundi wenzake walimwita Kioo, kwa ulaini wa kuta zake.

"Baba mdogo, matundu ya ukuta huu yako wapi?"

"Yale mashimo? Waashi walikuacha uchi, mwanangu. Nikawafichia aibu."

"Yalikuwa thelathini na sita. Yako kwenye mchoro."

"Mchoro nani alinionyesha? Mimi nilipewa ukuta. Miaka thelathini sijaacha shimo hata la mchwa."

Darasa zima likacheka. Msanifu hakucheka. Ni kweli, mchoro alimpa msimamizi wa waashi tu. Aliliandika hilo pia, chini ya zile namba.

"Leta patasi mbili," alisema.

"Mbili za nini?"

"Moja yangu."

Wanafunzi walihamia barazani na madaftari yao. Kioo alipanda jukwaa la mafundi, akagonga ukuta kwa kifundo cha kidole, akasikiliza, akachora duara kwa chaki kila palipolia utupu. Kisha msanifu naye akapanda.

"Taratibu, utanipasulia plasta!"

"Plasta ndiyo ninayoipasua, baba mdogo."

"Basi ipasue kwa adabu."

Kufikia saa saba na dakika arobaini walikuwa wamezibua matundu thelathini na moja. Mwalimu mkuu alishauri bodi iombwe kurudi wiki ijayo. Msanifu alikataa. Alifagia vifusi mwenyewe, akawarudisha wanafunzi wote ndani.

Saa nane wajumbe watano waliketi viti vya nyuma darasani. Msanifu, nywele zimejaa vumbi, alieleza kilichozibwa, nani hakupewa mchoro, na kwamba kosa hilo lilikuwa lake. Alimkabidhi mwenyekiti kipimajoto, akawasha dawa ya mbu, akaiweka dirishani. Somo la hesabu likaendelea.

Moshi uliingia dirishani, ukainama, ukapita juu ya vichwa na kutokea matunduni.

Saa nane na nusu mwenyekiti alisoma kwa sauti: ndani thelathini na tatu, nje thelathini na mbili na nusu.

"Si baridi," alisema yule mjumbe wa tanuri.

"Sikuahidi baridi," msanifu alijibu. "Niliahidi hewa ipite, umeme uwepo usiwepo."

Walipiga kura: watatu kwa wawili. Saa tisa na dakika tano mwenyekiti alisaini michoro ya madarasa sita.

Kioo aliomba nakala yake. Aliikunja, akaitia mfukoni, akapanda jukwaani kuzibua matundu matano yaliyobaki.