Kaburi Lisilotiwa Simiti

Mume wangu Maurice alikuwa mwalimu wa historia kabla Marekani haijamfanya mwosha wazee wa watu. Kansa ilipomlaza nyumbani kwetu Coon Rapids, alirudia somo lake: makaburi ya Misri ya kale, yaliyochongwa ndani ya majabali kando ya mto Naili. Alitazama video zake kutwa. Nikitoka kazini, badala ya habari za mgonjwa nilipewa habari za maiti wa Farao.

"Mama Velma, kuja uone," aliniita Jumamosi moja. Velma ni binti yetu wa pekee. "Mtu amejichongea kaburi angali hai, akachora mke na ng'ombe wake ukutani. Halafu wajukuu wanakuja kutafuta mawe ya kujenga, wanalikata katikati! Kwani hawa walikosa adabu?"

Asubuhi hiyohiyo mdogo wake, Gilbert, alikuwa amenipigia kutoka kwao Tabaka, kule Kisii ambako mawe laini ya kuchongea vinyago huchimbwa hadi mlangoni mwa watu. Gilbert alikuwa amechimba shamba lao mpaka akapitia kaburi la mama yao. Na Maurice alishaniapisha nimpeleke akalale kando ya mama huyo.

"Shemeji, ilikuwa nyasi tupu," Gilbert alijitetea. "Vijana wa kuchimba hawakujua."

Ni kweli lilikuwa nyasi. Mama alipofariki, makaratasi ya Maurice ya kuishi Marekani yalikuwa hayajatoka, hakuweza kusafiri kumzika. Akakataza mtu yeyote kulitia simiti kaburi lile. Angekuja kulijenga kwa mikono yake, na miaka ikapita.

Nilitaka kunyamaza, afe akijua ana pa kurudi. Lakini akasema, "Mpigie Gilbert kwa video anionyeshe kwa mama."

"Network ni mbaya huko."

Sijui kudanganya, uso wangu huniumbua. Akanitazama mpaka nikamwambia yote.

Hakulia. Nililia mimi.

"Mifupa waliweka wapi?"

"Gilbert hajui. Lori zilishabeba udongo wote."

Akanishika mkono. "Basi nizikeni hapa. Angalau Velma ajue mzazi wake yuko wapi."

Tulimzika hukuhuku, makaburi ya Inver Grove Heights, wiki ya theluji ya kwanza. Gilbert huniomba picha ya kaburi, awaonyeshe watu wa nyumbani. Simtumii.