Makopa Juu ya Tuta la Reli

Kopa la mwisho la muhogo mkavu Fadhili alilisukuma kwa ncha ya buti. Likateleza juu ya vitofali vipya, likadumbukia mtaroni yalikotangulia mengine.

"Bibi, nimetumwa," alisema mgambo huyo, macho pembeni.

"Umetumwa umwage chakula, mjukuu wangu? Hicho ndicho cha masika, sina kingine."

Reli iling'olewa bibi huyo, Mwanakombo, hajazaliwa, likabaki tuta, na mtaani kwao Rahaleo hapakuwa na pengine pakavu pa kuanika mihogo. Mama yake alianika hapo. Sasa halmashauri imeligeuza njia ya mazoezi, na leo ni uzinduzi.

Jirani yake Warda, aliyeahidiwa kibanda cha juisi, hakukaa kimya. "Shoga, maendeleo hayo! Pua za wageni hazijazoea vundo la makopa."

"Vundo hilo ndilo lililomkuza mwanao Amiri. Umesahau ulivyokuwa ukija na bakuli?"

Wanawake wa mtaa waliokusanyika wakaangua kicheko. Warda akajitia kufunga kilemba.

Mtendaji wa kata, Abdulmalik, akafika na faili kwapani, marashi yakimtangulia. "Mama, tusiaibishane. Mlishirikishwa." Akatoa karatasi. "Dole hili la nani?"

"Langu. La soda hilo. Siku ya mkutano mlisema asiyeweka dole hanywi."

"Na juu pameandikwa nini?"

"Ningejua kusoma ningeliweka?"

"Wananchi wameridhia kuondoa shughuli zao zote njiani." Akafunga faili. "Ungeikataa soda."

Mwanakombo akatwaa ungo. Akashuka nao mtaroni, akaanza kuokota, kila kopa akilipangusa mchanga kwa upindo wa kanga. Hajafikisha nusu ungo, boza la maji likawasili. Bomba la mtaa lilikuwa na siku ya tisa halitoi hata jasho, basi wanawake wakakimbilia ndoo.

"Maji ya nyasi hayo!" Fadhili akawazuia kwa rungu.

Nyasi za mapambo zikanyweshwa mpaka zikatapika. Maji yakaporomoka mtaroni, mekundu kwa matope, yakampanda Mwanakombo magotini.

Mgeni rasmi akashuka garini, raba nyeupe pee, akaziba pua. "Nini kinanuka hivi?"

"Wananchi, mheshimiwa," akasema Abdulmalik. "Elimu ya usafi bado haijawafikia."

Matarumbeta yakalia. Chini, makopa yalikwisha kuvimba. Yakapita katikati ya miguu ya Mwanakombo, laini, ya kijivu, na kila aliloliwahi likammeng'enyekea kiganjani kama uji.