Mlango wa Bibi Attracta

Blandina alikuwa mtu wa kucheka, hata pale ambapo mwenzake angelia. Durban, huko Afrika Kusini, ilimchomea kibanda cha chipsi, ikamtoa jino la pembeni, ikamhamisha vyumba bila taarifa, na yote hayo aliyasimulia kama vichekesho, akionyesha pengo la jino kama ushahidi mahakamani. Lakini ukimwona kanyamaza na kufunga kitenge kiunoni, mpishe. Ameshaamua.

Jumamosi hiyo, ndani ya ukumbi wa kanisa wa Albert Park, kitenge kilikuwa kimefungwa.

Siku za wiki Blandina alimtunza Bibi Attracta, mzungu wa Ireland aliyekuja Durban akiwa nesi kijana na kuzeekea Morningside, mtaa wa matajiri, hana mume wala mtoto. Jumamosi aliwafundisha watoto wa Kikongo na wa Kitanzania Kiswahili cha kuandika, maana cha kusema walikuwa nacho, kimechanganywa na kila kitu isipokuwa chumvi. Mwezi mzima huo wa Januari aliwafundisha kijiji cha Bibi Attracta.

Watoto walikipenda. Kijiji chenye nyumba chache kuliko milango ya ghorofa moja ya jengo lao! Kuta za mashamba zimepangwa kwa mawe matupu, hakuna saruji, na upepo unapita katikati bila kuziangusha. Watu wanachoma udongo badala ya kuni: wanaukata kwenye kinamasi kama matofali, wanauanika, wanaupeleka jikoni. Na siku ya kukata udongo wa jirani, kijiji kizima kinakwenda, kesho kwa huyu, keshokutwa kwa yule.

"Tantine, udongo unawaka?" aliuliza Prodige, mtundu wa darasa, akimwita shangazi kwa Kifaransa chao.

"Unawaka kuliko mdomo wako."

Lakini walichokipenda zaidi ni mkesha wa Mtakatifu Brigida, siku ya mwisho ya Januari. Jioni hiyo msichana mdogo anasimama nje ya nyumba na mzigo wa majani ya mtoni, wenzake nyuma yake. Anawaambia walio ndani: pigeni magoti, fumbueni macho, mpokeeni Brigida. Anasema mara tatu. Walio ndani hawafungui mdomo kwa neno lolote mpaka wasikie mara ya tatu. Hapo ndipo wanajibu kwamba anakaribishwa, na mlango unafunguliwa. Majani yale yanasukwa misalaba ya kutundika juu ya mlango.

"Ni kama hodi," Blandina aliwaambia.

Watoto walitazamana. Cathy, binti wa miaka minane, akainua mkono. "Tantine, hodi ni nini?"

Blandina alitaka kucheka, kicheko kikakwama. Watoto wa watu hawa wamekulia nyuma ya vyuma vya mlango. Mgeni wao hutuma ujumbe kwenye simu akiwa bado kwenye ngazi, na anayegonga bila ujumbe hafunguliwi.

Sasa baba yake Cathy, Vénérand, alikuwa amesimama katikati ya ukumbi mbele ya wazazi wenzake, mrefu, sauti ya chini, mikono nyuma.

"Mama Blandina, batoto betu habajue hata kijiji ya babu yabo. Weye unabafundisha kijiji ya muzungu. Sawa, niliacha. Mais kubapeleka Morningside jioni, basimame kwa geti na majani mukononi? Hapana. Mimi ni mulinzi kule. Benye nyumba bakibonyeza kitufe ya hatari, ni mimi nakuja na gari. Sitaki siku moja nikuje nikute mutoto yangu."

Hakuna aliyecheka, hata Blandina. Neno lilikuwa la kweli. Angeweza kunyamaza hapo, watoto wasuke misalaba yao ukumbini, mambo yaishe.

Ila alikuwa ametoa ahadi. Mpwa wa Bibi Attracta alikuwa ameiuza nyumba, na Jumatatu bibi angehamia makao ya wazee. "Kule kila mlango ni wa ofisi," bibi alikuwa amemwambia, mkono wake umeshika kigari cha kujishikiza anapotembea. "Tangu nije nchi hii, kila mkesha wa Brigida nimekaa nyuma ya mlango huu nikingoja. Nilijua hakuna atakayekuja. Nilikaa tu. Mwaka huu ndio wa mwisho kuwa na mlango wangu." Blandina akamjibu: "Mwaka huu watakuja."

"Baba Cathy," alisema sasa, "nimekusikia. Anayeogopa asimlete wake. Mimi leo jioni nakwenda, hata kama ni mimi na Prodige peke yetu."

"Mungu atusaidie," alisema mama yake Prodige, na hapo ndipo watu walicheka.

Mchana Blandina na watoto walikwenda Cato Manor, kwenye kijito, wakang'oa majani. Kung'oa, si kukata. Blandina alikuwa amenunua sokoni mafungu ya yale majani wanayosukia mikeka akina mama wa Kizulu, bibi akayarudisha: yameguswa na kisu, na tena yamekauka, yatavunjika. Ya Brigida hung'olewa kwa mkono yakiwa mabichi. Basi watoto wakaingia topeni mpaka magotini, wakivuta na kuanguka makalio.

Bibi alikuwa na sharti jingine. Ijumaa jioni, Blandina akiaga, bibi alinyoosha kiganja.

"Rimoti ya geti."

"Nitaingiaje, bibi?"

"Anayekuja na Brigida haji na ufunguo. Iache mezani."

Akaiacha. Baadaye alijiita mjinga kwa lugha tatu.

Jioni, wakati wa kupanda taxi, daladala ya Durban, mama yake Cathy, Marie-Louise, alitokea mbio amemshika mtoto mkono, kamvalisha gauni la Pasaka.

"Na baba yake?" Blandina aliuliza.

"Baba yake iko kazini. Huyu amelia tangu saa sita. Twende, nitajibu mimi."

Taxi iliwashusha kwenye robot, taa za barabarani, ya juu kabisa, wakatembea. Jua lilikuwa bado lipo, na joto la Januari limewalowesha migongo. Watoto kumi na kitu, kila mmoja na tita la majani begani, walipita kimya kando ya kuta ndefu zenye nyaya za umeme. Pazia likasogea nyumba ya pili. Blandina aliliona, akapungia mkono kwa tabasamu lake la pengo. Pazia likafungwa haraka.

Hawakuwa wamepata hata kupumua mbele ya geti la Bibi Attracta, gari la doria likakata kona, taa ya njano inazunguka. Prodige alishusha tita lake chini.

"Asikimbie mtu," Blandina alisema, chini kwa chini. "Atakayekimbia nitamkamata mimi kabla ya mlinzi. Chukua majani yako, Prodige."

Mlango wa gari ukafunguka, akashuka Vénérand. Aliwatazama wote, mmoja mmoja, mpaka macho yakafika kwenye gauni la Pasaka. Uso wake ulikufa.

"Papa," alisema Cathy.

Marie-Louise akasogea mbele kujibu kama alivyoahidi.

Redio kwenye bega la Vénérand ilikoroma. Wa ofisini aliuliza amekuta nini.

Alimtazama tena Cathy. "Bageni ya mwenye nyumba," alisema mwishowe.

"Mwenye nyumba athibitishe kwa sauti yake. Vinginevyo waondoe."

Vénérand alibonyeza kengele ya getini, akainama kwenye kile kijisahani cha kuongelea. "Madam, ni ulinzi. Unawajua hawa watu?"

Kimya. Akabonyeza tena, akauliza tena. Walisikia bibi akipumua kule ndani, na kitu kama kiti kikilia, lakini neno halikutoka.

"Yuko hapo," Marie-Louise alinong'ona. "Juu ya nini hajibu?"

Blandina alinyoosha mkono abonyeze yeye, kisha akaelewa. "Hawezi kujibu! Maneno hayajasemwa. Baba Cathy, bibi huyu amengoja maisha yake yote, hataharibu kwa ajili ya kampuni yako. Lazima aseme msichana mdogo kuliko wote. Mara tatu."

"Mdogo ni nani?"

Watoto wote walimtazama Cathy. Kijisahani kilikuwa juu, kwa kimo cha watu wa magari makubwa, na Cathy alikuwa amenyoosha shingo bure.

Redio ikakoroma tena. Vénérand aliipunguza sauti. Akamwinua mtoto, majani na gauni na matope vyote, akamweka mkononi kama alivyokuwa akimbeba zamani.

"Sema, mama yangu. Sema kwa nguvu."

"Pigeni magoti," Cathy alisema, "fumbueni macho, mpokeeni Brigida."

Akasema tena, wenzake wakamsindikiza. Mara ya tatu walipaza wote, na pazia la nyumba ya pili likafunguka kabisa.

Kijisahani kikakwaruza.

"Karibu," ilisema sauti ya Bibi Attracta, kwa Kiswahili alichofundishwa jikoni. "Karibu sana. Karibuni nyote." Geti likaanza kuteleza.

"Mwenye nyumba amethibitisha," Vénérand aliiambia redio. Hakumshusha mtoto.

Walifika barazani. Mlango wa mbao ulikuwa umefungwa, na nyuma ya kioo chake cha ukungu kilionekana kivuli cha bibi na kigari chake. Hakufungua.

"Bibi, fungua!" Blandina alicheka. "Tumesema mara tatu."

"Mlisema getini. Geti niliwekewa na kampuni. Mlango ndio wangu."

Watoto walimtazama Blandina, Blandina akamtazama Vénérand. Naye alivua kofia ya kazi, akaibana kwapani, akakunja kidole na kugonga ubao taratibu, jinsi watu walivyogonga kwao Fizi, kule Kongo.

"Hodi," alisema. Kisha akamgeukia Cathy mkononi mwake. "Na weye. Sema nayo."

"Hodi," alisema Cathy.

Komeo lilisikika likivutwa.